Shajara ya mradi: kuhesabu vilivyotimiza sharti kwenye Prolog

Siku ya 1

Basi nimeanza. Mradi wenyewe mdogo tu, nataka laibrari yangu ya Prolog (lugha ya programu ambayo wewe unaandika kanuni, yenyewe inatafuta majibu) ya kuhesabu vitu vya kwenye listi vinavyotimiza sharti fulani, unaipa listi na sharti inakurudishia namba, kwisha. Lugha nyingine hii ni laini moja unaandika unasahau, ndo maana nilijipangia jioni moja tu. Natumia SWI-Prolog, ile aliyoianza Jan Wielemaker mwaka 1987, sababu ndo nimeizoea.

Sharti la kuanzia nimechukua jepesi kabisa, namba iwe kubwa kuliko 5:

    hesabu([], 0).
    hesabu([X|Baki], N) :- X > 5, hesabu(Baki, N0), N is N0 + 1.
    hesabu([_|Baki], N) :- hesabu(Baki, N).

Isome kwa sauti, inasomeka vizuri tu. Listi tupu ina sifuri. Kichwa (kitu cha kwanza) kikizidi 5 hesabu mkia (vilivyobaki) alafu ongeza moja. Vinginevyo ruka kichwa, hesabu mkia. Nikauliza `hesabu([7,2,9], N)` ikajibu N = 2. Ningebonyeza enta hapo ningeenda kulala na furaha yangu, ila kidole kikaenda kwenye semikoloni, ambayo ndo namna ya kuiambia Prolog lete jibu jingine kama unalo. Ikaleta 1. Semikoloni tena, 1. Tena, 0. Alafu ndo ikasema basi.

Majibu manne kwa swali la "ngapi". Nikadhani nimekosea kupesti, nikaandika upya, yale yale.

Nimekaa nayo kama saa nzima hivi na nikaja kuona kwamba lile neno "vinginevyo" lilikuwa kichwani kwangu tu, kwenye faili halimo. Kanuni ya tatu haisemi "kama kichwa hakikuzidi 5", inasema ruka kichwa, kiwe nini kiwe. Kwa hiyo 7 ina njia mbili, ihesabiwe au irukwe, na zote ni halali kwa mujibu wa nilichoandika mwenyewe. 2 ina njia moja tu, ya kurukwa. 9 ina mbili. Mbili mara mbili ni nne, ndo yale majibu manne: 7 na 9 zote zimehesabiwa (2), 9 ikarukwa (1), 7 ikarukwa 9 ikahesabiwa (1), zote zikarukwa (0). Prolog haijakosea hata herufi.

Na ubaya wake unakua haraka. Listi yenye vitu 20 vinavyotimiza sharti ingekupa majibu 1,048,576, la kwanza ndo sahihi na mengine yote yamejificha nyuma yake yanasubiri tu kitu kingine kwenye programu kifeli, Prolog irudi nyuma kutafuta njia nyingine iyaokote. Hiyo ndo bagi ya kuogopa, maana ukijaribu kwa mkono kila kitu kinaonekana sawa.

Siku ya 2

Kabla ya kurekebisha nilijitia aibu nyingine. Kwenye kuandika upya nikaweka `N = N0 + 1` badala ya `is`, jibu likaja `N = 0+1+1`. Kwenye Prolog ile alama ya sawasawa haikokotoi chochote, inaoanisha tu umbo na umbo, ukitaka hesabu ifanyike unasema `is`. Nalijua hilo miaka na bado linanipata kila nikikaa muda bila kugusa lugha hii.

Haya, marekebisho. Njia ya kwanza ni kuandika ile "vinginevyo" wazi, kanuni ya tatu ianze na `X =< 5`. Inafanya kazi na naipenda sababu kila kanuni inasimama kwa miguu yake, ukiisoma peke yake bado ni kweli. Shida ni kwamba sharti linapimwa mara mbili kwa kila kitu kisichopita, na ukiwa na sharti zito (sio hii ya namba) utaisikia. Pia kinyume cha sharti lazima ukiandike wewe, ukikosea kidogo, mfano ukaandika `X < 5`, basi listi ikiwa na 5 yenyewe prediketi nzima, yaani kanuni zote za jina hilo, inafeli kimya kimya bila kukwambia kisa.

Njia ya pili ni mkato, ile alama ya mshangao, unaiweka baada ya `X > 5` na maana yake ni kwamba ukishafika hapa usirudi kujaribu kanuni nyingine. Majibu manne yakabaki moja. Wenyewe wa Prolog wanatofautisha mkato wa kijani na mwekundu, wa kijani ukiuondoa maana haibadiliki, mwekundu ukiuondoa programu inaanza kusema uongo. Huu wangu ni mwekundu damu. Kanuni ya tatu ikisomwa peke yake bado ni ule uongo wa jana, tofauti ni kwamba sasa kuna askari mlangoni.

Nimeishia kwenye ya tatu, kanuni mbili tu na "kama, basi, la sivyo" ndani yake:

    hesabu([], 0).
    hesabu([X|Baki], N) :-
        hesabu(Baki, N0),
        (   X > 5 -> N is N0 + 1 ; N = N0 ).

Sharti linapimwa mara moja, na "vinginevyo" sasa imeandikwa kweli kweli, ni ile semikoloni ya katikati. Jibu moja, na konsoli hainiulizi kama nataka jingine.

Siku ya 3

Leo nimetoa ile 5 humo ndani ili sharti lipitishwe kama kitu chochote kingine. Kazi hiyo inafanywa na `call`, unaipa sharti na kitu, inaviunganisha na kuuliza. Nimegundua kwamba `call` ya hivi, yenye vitu vya ziada, imeingia rasmi kwenye viwango vya kimataifa vya ISO kwa marekebisho ya mwaka 2012, wakati viwango vyenyewe ni vya 1995, ingawa watu walikuwa wakiitumia zamani sana.

Sasa sikia hii. Nikataka zilizozidi 5, nikaandika sharti langu kama `>(5)`, yaani "kubwa kuliko 5", nani asingesoma hivyo? `hesabu(>(5), [7,2,9], N)` ikarudisha 1. Nikabadilisha listi, [7,8,9], ikarudisha 0. Nimehangaika na kanuni zangu kutwa nzima nikidhani nimeharibu ule mnyororo wa kujiita, kumbe `call` inabandika kitu kipya mwishoni, kwa hiyo `>(5)` ikipewa 7 inakuwa `5 > 7`. Nilikuwa nahesabu zilizo ndogo kuliko 5. Ninayotaka inaandikwa `<(5)`, inayokuwa `5 < 7`, na kwa macho inasomeka kinyume kabisa cha inachofanya.

Nimeamua kwenye laibrari yangu sitaruhusu mifano ya namna hiyo kwenye maelezo. Atakayetumia aandike prediketi yenye jina, `zaidi_ya_tano(X) :- X > 5.`, laini moja tu haiui mtu.

Nimejaribu pia listi yenye neno katikati, [7,pera,9], ikatupa kosa kwamba `pera/0` haijulikani kwenye hesabu. Nimeiacha hivyo hivyo. Kuna aliyenishauri niweke `number(X)` mbele ili maneno yarukwe kimya, nimekataa, kama listi yako ya namba ina pera ndani yake mimi nataka ujue.

Siku ya 4

Nimebadilisha majina tu. Hakuna la maana.

Siku ya 6

Jaribio la uzito. Nikatengeneza listi ya 1 mpaka 10,000,000 kwa `numlist` nikaitupia. Ikakoroma kidogo alafu ikagoma, staki (kumbukumbu ya kazi ya Prolog) imevuka kikomo cha 1.0Gb.

Listi yenyewe tayari inakula kama MB 240, kila chembe ni nafasi tatu za baiti 8. Ila kilichoua sio listi, ni jinsi nilivyoandika: prediketi inajiita kwanza ndo ikirudi inaongeza moja, kwa hiyo kila hatua inabaki wazi inasubiri ya mbele yake imalize. Milioni kumi zote zimesimama kwenye foleni na hakuna hata moja iliyoanza kujumlisha, maana jumla inaanzia kwenye listi tupu kule mwisho.

Dawa yake ya miaka yote ni kubeba jumla mkononi unapotembea, badala ya kuikusanya wakati wa kurudi:

    hesabu(Sharti, Orodha, N) :- hesabu_(Orodha, Sharti, 0, N).

    hesabu_([], _, N, N).
    hesabu_([X|Baki], Sharti, N0, N) :-
        (   call(Sharti, X) -> N1 is N0 + 1 ; N1 = N0 ),
        hesabu_(Baki, Sharti, N1, N).

Sasa kujiita ndo jambo la mwisho kabisa, hakuna kinachosubiri, kwa hiyo mashine inatumia nafasi ile ile tena na tena. Milioni kumi zikapita bila kelele.

Na angalia kitu kimoja, huko ndani listi nimeileta mbele na sharti likarudi nyuma. Hii nimeiiba kwenye laibrari ya SWI yenyewe, `include` (ya kuchuja listi) na `maplist` (ya kupitisha sharti kwenye listi nzima) zao zimeandikwa hivyo hivyo. Sababu ni kwamba Prolog kwa kawaida inachagua kanuni kwa kuangalia kitu cha kwanza, desturi iliyomo pia kwenye mashine ya kinadharia ya kuendeshea Prolog aliyoibuni David H. D. Warren mwaka 1983, na listi tupu na listi yenye kichwa zinatofautika palepale, basi haiachi mlango wazi nyuma. Sharti likikaa mbele, linafanana kwenye kanuni zote mbili na halisaidii kuchagua. SWI ina akili ya kuangalia na nafasi nyingine, ila mimi nataka msimbo wangu ukubalike na kwingine.

Siku ya 8

Hii ndo siku iliyonichapa na ndo siku niliyojifunza, kwa hiyo nitaandika kirefu.

Nikawaza, mbona najitesa, SWI ina `aggregate_all` ambayo inahesabu yenyewe. Laini moja:

    aggregate_all(count, (member(X, L), safi(X)), N).

Nikaona bora niitumie kwenye testi, yangu na yao zilinganishwe, zikitofautiana basi yangu ina kasoro. Sharti la testi nikaliweka hivi, namba ni safi kama inagawanyika kwa 2 au kwa 3:

    safi(X) :- 0 is X mod 2.
    safi(X) :- 0 is X mod 3.

Listi ni 1 mpaka 30. Yangu ikasema 20. Yao ikasema 25.

Moja kwa moja nikajilaumu mimi, na kwa historia ya wiki hii nani angenilaumu kwa kujilaumu. Nikapitia kanuni zangu laini kwa laini. Nikahesabu kwa vidole kwenye karatasi, zinazogawanyika kwa 2 ni 15, kwa 3 ni 10, ukizijumlisha ni 25, haya, yao iko sawa. Alafu nikaziorodhesha zenyewe mojamoja, nikapata 20. Nikarudia. 20. Tano zimetoka wapi? Nikaiambia inipe listi badala ya namba, kwa `findall`, na nikaona 6 imetokea mara mbili zikifuatana, 12 mara mbili, 18, 24 na 30 vilevile.

Namba zinazogawanyika kwa vyote viwili. 6 ni safi kwa kanuni ya kwanza, na ukirudi nyuma ni safi tena kwa kanuni ya pili. `aggregate_all` haihesabu vitu vya kwenye listi hata kidogo, inahesabu ni mara ngapi swali limefaulu, na swali langu limefaulu mara 25. Yangu inahesabu 20 sababu ile `->` ikishapata ushahidi mmoja inatosheka, haiulizi wa pili.

Ndo nikakumbuka majibu manne ya siku ya kwanza na kuona ni kisa kile kile kimegeuzwa upande. Kule njia za ziada zilitoka kwenye kanuni zangu za kuhesabu, huku zimetoka kwenye sharti. Kwenye Prolog kitu kimoja kinaweza kuthibitishwa kwa njia tano, na kwa mantiki ya kawaida hiyo haibadilishi chochote, kweli ni kweli, lakini ukileta neno "ngapi" ghafla inabidi useme ngapi za nini: vitu, au ushahidi. Hakuna anayekuuliza, lugha inachagua kulingana na ulivyoandika.

Ukitaka vitu kwa kutumia yao, fungia sharti ndani ya `once`, yaani `once(safi(X))`, inakuwa 20. Nimejaribu pia njia ya `include` kisha `length`, ikatoa 20, nayo inaangalia kama sharti linafaulu tu.

Nikajiona mjanja nikajaribu `setof` ili marudio yajiondoe. Ndio, 6 ikabaki moja. Lakini kwenye [7,7,9], ukiuliza zilizozidi 5, inasema ziko 2, maana imezitupa saba mbili kama ni moja wakati kwenye listi ni vitu viwili kabisa, nafasi mbili. Na kama hakuna hata moja iliyopita, `setof` haikupi listi tupu, inafeli, kwa hiyo badala ya sifuri unapata "hapana". Kwa kuhesabu mimi nimeifuta kwenye daftari langu. `findall` angalau inakupa listi tupu na `length` yake ni 0.

Siku ya 9

Veriabo zisizo na thamani. Nilikuwa nazikwepa.

Nina prediketi ndogo pembeni, ya kuhesabu kitu fulani kimetokea mara ngapi. Nikaipa [a,B,c], B haina thamani, nikauliza a ziko ngapi, kwa sharti `=(a)`. Jibu: N = 2, na B = a. Yaani nimeuliza tu, yenyewe imejaza pengo ili ipate cha kuhesabu! Ni kama mtu aliyetumwa kuhesabu viti vyenye watu, akakuta kimoja kitupu akakikalia.

Ukiweka `==(a)` badala yake, inapata 1 na B inabaki huru, sababu inauliza kama ni kitu kile kile sasa hivi, haioanishi. Kwa kazi zangu nyingi hiyo inatosha. Lakini 1 nayo si kweli kamili, kesho B ikipewa a jibu linakuwa la uongo. Jibu la uaminifu linatoka kwa `dif`, yaani hivi viwili visije vikawa sawa, ambayo ilikuwemo tayari kwenye Prolog II ya Colmerauer, mmoja wa waanzilishi wa Prolog, mapema miaka ya 1980, nashangaa bado watu wanaiona ngeni:

    ngapi([], _, 0).
    ngapi([X|T], X, N) :- ngapi(T, X, N0), N is N0 + 1.
    ngapi([Y|T], X, N) :- dif(Y, X), ngapi(T, X, N).

Hapa [a,B,c] inatoa majibu mawili: N = 2 kama B ni a, au N = 1 na masharti kwamba B isije ikawa a. Na ukiigeuza, ukampa [a,b,a] bila kutaja unatafuta nini, inakwambia a ziko 2, b iko 1, na kitu kingine chochote ambacho si a wala b kiko 0. Hiyo sifuri ya mwisho nimeipenda sana. Majibu kadhaa tena, lakini safari hii kila moja limeeleza ni kwa hali gani.

Siku ya 11

La mwisho kabla sijafunga toleo la kwanza. Nimetaka kuhesabu kwa kurudi nyuma, yaani namba naijua, listi ndo siijui. Kwa `>` ya kawaida haiwezekani, inalalamika veriabo haina thamani. Nikaingiza `clpfd`, laibrari ya kueleza mahusiano ya namba kamili hata kabla hazijajulikana:

    hesabu_fd([], 0).
    hesabu_fd([X|T], N) :-
        (X #> 5) #<==> B,
        N #= N0 + B,
        hesabu_fd(T, N0).

B ni 1 sharti likitimia, 0 lisipotimia, na inafanya kazi pande zote mbili. Ukiiachia listi yenyewe bila urefu haitaisha, kila ikimaliza urefu mmoja kuna mrefu zaidi, hilo nimeliandika kwa herufi kubwa kwenye maelezo.

Testi nimeifanya hivi: vitu vitatu, kila kimoja kati ya 1 na 9, vilivyozidi 5 viwe 2, niambie mipangilio ni mingapi. Hapa ninachotaka kuhesabu ni majibu yenyewe, kwa hiyo nikairudisha `aggregate_all` niliyoitukana siku ya 8. Ikasema 240. Nikaipa 0, ikasema 125. Kwa 1 ni 300, kwa 3 ni 64. Nikajumlisha zote nne kwenye karatasi, 729, ambayo ni 9 mara 9 mara 9. Nimesevu faili.